Nungunungu, Kakakuona na Upande wa Kulia

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mwenye sikio alilete karibu. Mwenye usingizi aegemee ukuta, asimlalie mwenzake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana na kwenda ukweni kama sisi, palikuwa na Nungunungu. Alikuwa na nyumba. Alikuwa na shamba la mihogo, ingawa aliyelilima hakuwa yeye. Alikuwa na mke mzuri, miiba yake rangi mbili, nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe. Kitu kimoja tu kilimtesa: mdomo. Mdomo wake ulikuwa ukitangulia mbele, naye anaufuata nyuma akihema.

Siku ya harusi yake mama mkwe alisimama mbele ya watu akasema, "Mimi mwanangu simpi tajiri, simpi maskini. Nampa mkweli. Siku nikimkuta mkwe wangu ni mwongo, namfunga mwanangu kanga kiunoni, tunarudi kwetu."

Watu wakasema, "Hewaa!"

Basi Nungunungu, badala ya kunyamaza ale pilau yake, naye akasimama. "Mama, mimi ni mvuvi. Mto wote huu unanijua. Siku utakayonitembelea utakula kambale mwenye ndevu hizi!" Akanyoosha mikono yote miwili kuonyesha urefu wa ndevu.

Mvuvi! Jamani! Nungunungu alikuwa hajavua samaki hata mmoja. Na kwa kuwa hakuvaa viatu, alikuwa hajavua hata viatu.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja mkewe akamwambia, "Mume wangu, mama kaleta salamu. Yuko njiani. Anasema anakuja kula kambale wako."

Chwaa! Miiba ikasimama. Ndivyo alivyoumbwa: akishtuka, miiba inasimama yenyewe. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mkeka ukatoboka ukawa chekeche.

Akatoka mbio, tiki-tiki-tiki, mpaka kwa rafiki yake Kakakuona, yule mwenye magamba. Kakakuona naye ana yake: akishtuka, kunji! anajikunja duara, na huwezi kumkunjua hata kwa wimbo. Lakini alikuwa na mtumbwi. Mtumbwi mdogo wa gome la mti, mwembamba, mwepesi, unabebwa kichwani. Alirithi kwa mjomba wake, na tangu aurithi alikuwa akianikia humo mchwa wake.

"Ndugu yangu, nifiche aibu," Nungunungu akasema. "Mama mkwe anakuja. Nisipopata samaki leo, sina mke."

"Umewahi kuvua?"

"Sijawahi."

"Mimi pia. Twende."

Wakamwaga mchwa. Wakapanga safari. Makafi mawili, haya. Mshipi na ndoana, haya. Chambo? Nungunungu akachimba nyungunyungu. Semeni upesi mara tatu: Nungunungu akachimba nyungunyungu. Si kitu, ulimi umekukwama, tuendelee.

"Sasa mtumbwi tuushushie wapi?" akauliza Kakakuona.

"Pale kivukoni ni karibu," akasema Nungunungu. "Tujaribu pale."

Kivukoni palikuwa na matope mpaka magotini. Na palikuwa na vyura. Mkubwa wao aliitwa Bi Mashavu, na kazi yake ilikuwa kutangaza. Akipita nyati, anatangaza. Akipita nzi, anatangaza. Likija gogo linaloelea, analitazama kwanza vizuri, kisha anatangaza kama lina macho au halina.

Wakaushusha mtumbwi, tumbwi! Nungunungu akaingia mbele, akageuka nyuma. Kakakuona akaingia nyuma, akatazama mbele. Wakatazamana. Huyu akavuta kafi kwake, na yule akavuta kwake. Mtumbwi ukazunguka, zungu-zungu-zungu, palepale kama jiwe la kusagia.

"Kwaa-kwaa-kwaa!" Bi Mashavu akaanguka chali. "Njooni mwone! Kuna wawili wanasaga maji!"

"Kwaa-kwaa-kwaa!" wakaitika vyura wote mia.

Nungunungu aliona haya, haya ya kweli, masikio yakamchoma. Akaruka matopeni. "Toa mtumbwi! Hapa hapafai. Hawa watamfikishia mama mkwe habari kabla hata sijalowa."

"Lakini hapa maji ni mafupi," akasema Kakakuona. "Tukianguka, tunasimama."

"Sitaki maji mafupi, nataka midomo mifupi! Nitafutie mahali pasipo na mtu. Nikikosea nisichekwe, nikianguka nisionekane."

Wakajitwika mtumbwi. Wakapanda na mto, wakapinda kona, wakafika mahali, eh! Mchanga mweupe, laini, kama umefagiliwa. Maji yametulia kimya. Ndege hakuna. Chura hata mmoja hakuna. Mnasemaje ninyi? Kimya kingi kina nini?

Kina mshindo mkuu!

Ninyi mnajua. Nungunungu hakujua. Alifurahi akapiga vigelegele vya moyoni.

Pale ukingoni alikuwa amelala Mamba, anaota jua. "Karibuni, wageni," akasema, sauti tamu kama uji wa asali. "Mnatafuta pa kushushia mtumbwi? Shushieni hapa. Hapa hakuna wa kuwacheka. Mimi mwenyewe sijui kucheka. Mdomo wangu una kazi nyingine."

"Mwungwana huyu," Nungunungu akamnong'oneza mwenzake.

"Mna ndugu wanaojua kwamba mko huku?"

"Hakuna hata mmoja!" Nungunungu akajibu kwa fahari. "Tumekuja kwa siri."

"Vizuri. Vizuri sana." Mamba akafumba jicho moja. "Basi mkirudi, njooni huku upande wa kulia."

"Kulia?"

"Kulia."

Kakakuona akamvuta rafiki yake pembeni. "Mwenzangu, huyu anaposema kulia, anasema mkono au anasema chakula?"

"Acha shaka! Mtu anakupa mahali pake bure, wewe unamchambua maneno!"

Tumbwi! Wakaingia. Wakazunguka kidogo, wakagombana kidogo, mwishowe Nungunungu akageuka, wote wakatazama upande mmoja. Mtumbwi ukaenda. Kweli ukaenda! Akatupa ndoana, chubwi. Wakangoja. Jua likapanda. Nyungunyungu wa kwanza akaliwa bure. Wa pili akaliwa bure. Wa tatu, mshipi ukavutwa, ng'we! Nungunungu akavuta, Kakakuona akamvuta Nungunungu, akachomwa, akapiga kelele, akavuta hivyohivyo. Ah! Kambale! Kambale mnene, ndevu nne kila upande, akamwangukia Kakakuona mapajani.

Nungunungu alilia kwa furaha. "Nina mke," akasema. "Bado nina mke."

Wakageuza mtumbwi, wakaja upande wa kulia, kama walivyoambiwa.

"Mwenzangu," akasema Kakakuona, "gogo lile asubuhi lilikuwepo?"

"Gogo gani?"

"Lile linalokuja."

Gogo likafumbua jicho moja. Likafumbua la pili. Kisha likafumbua mdomo, na mdomo huo ulikuwa mrefu kuliko mtumbwi.

Kunji! Kakakuona akawa duara.

Chwaa! Miiba ya Nungunungu ikasimama, na miiba ya makalioni ikapita gome moja kwa moja. Pwi! Pwi! Pwi! Maji yakaingia kwa matundu ishirini.

"Jamaniii!" Nungunungu akaita. Ukingo ukanyamaza. "Nakufa mie! Tusaidieni!" Mchanga mweupe ukanyamaza. Si chura, si ndege, si mpita njia. Hapo ndipo alipojua kwamba amechagua mwenyewe. Alitafuta mahali pasipo na jicho, amepapata, na sasa hapana jicho ila mawili tu ya Mamba.

Akashika kafi. Mwenzake ni duara, akapiga peke yake, huku maji yanampanda kiunoni. Mkondo ukawasaidia, ukawabeba, ukawapindisha kona. Mamba nyuma, shwaa, shwaa, hana haraka. Na mbele, matope yaleyale ya asubuhi. Nungunungu alikuwa hajawahi kuyapenda matope hivyo.

"Kwaa!" Bi Mashavu akaruka juu. "Gogo lina macho! Gogo lina macho!"

"Gogo lina macho!" wakaitika mia. Nyati waliokuwa wakinywa maji wakainua pembe. Korongo wakaruka. Kivuko kizima kikageuka kutazama.

"Njoo kulia!" Bi Mashavu akaelekeza. "Kulia! Kulia!"

"Nalia!" akajibu Nungunungu. "Tangu kule nalia!"

"Mkono wa kulia, wewe! Huo ni kushoto! Mwingine! Kwani unayo mingapi?"

Nungunungu akapiga kafi kuelekea mkono wa kulia, paa, paa, paa, na mtumbwi ukajichomeka topeni, ukazama palepale, maji yakiishia magotini. Mamba akasimama. Akatazama pembe za nyati, akatazama macho mia mbili ya vyura. Mamba akishaonekana, kazi yake imekwisha. Akafumba mdomo, akageuka gogo, akarudi zake kwenye kimya chake.

Ndipo vyura wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakatumbukia majini. Na Nungunungu, amejaa tope mpaka nyusi, akasikia kicheko hicho kikamwingia kama maji ya mtungi siku ya jua.

Kisha akainua macho. Njia ya ukweni inapita wapi? Inapita kivukoni! Na pale kivukoni, kanga mpya begani, mzigo kichwani, amesimama nani?

Mama mkwe!

Duara nalo likakunjuka polepole. Kakakuona akatoa kichwa. Na tumboni mwake, hai, anapiga mkia, alikuwa kambale. Alipojikunja alijikunja naye.

Mama mkwe akamtazama kambale. Akazitazama ndevu. "Ala! Mkwe wangu, kumbe ni kweli wewe ni mvuvi?"

Kivuko kizima kikasogea kusikiliza. Hata Bi Mashavu alifunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu awe kiluwiluwi. Nungunungu akamtazama samaki. Samaki alikuwa mkubwa, anatosha kabisa kusimamia uongo ule. Neno moja tu, "Naam, mama," na mambo yamekwisha. Lakini akayakumbuka yale macho mawili ya Mamba.

"Hapana, mama," akasema. "Mimi si mvuvi. Siku ile harusini niliropoka. Leo ndiyo mara ya kwanza kushika ndoana, na nilijificha ili nisichekwe, tukakaribia kuliwa na Mamba, mimi na rafiki yangu asiye na kosa. Ukitaka kumchukua mwanao, mchukue. Lakini mimi nitalia."

"Kulia ni huku!" akapaza Bi Mashavu, na akaonyesha.

Mama mkwe alijizuia. Akajizuia tena. Akashindwa. Alicheka miiba yake ikagongana, chaka-chaka-chaka, mzigo ukaanguka kutoka kichwani, mihogo ikatawanyika matopeni.

"Mwongo aliyejitaja mwenyewe mbele ya vyura," akasema akijifuta machozi, "huyo nakaa naye. Haya, okoteni mihogo twende tukapike. Na huyo kambale mwachieni maji yake."

"Huli samaki, mama?"

"Mimi? Nilikuwa nakupima tu. Naogopa miiba, baba. Ya nje inanitosha."

Wakageuka wamtazame kambale. Kambale alikuwa ameshaondoka zamani. Samaki yule hakungoja kuaga.

Wanangu, na ninyi wazee mnaojifanya mmesinzia, sikieni mafunzo yake: anayetafuta mahali pasipo na wa kumcheka, atafika mahali pasipo na wa kumwokoa. Ukiwa hujui, shusha mtumbwi wako mbele ya watu. Watakucheka, ndiyo. Lakini macho yatakuwa juu yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, topeni, kando ya mtumbwi wenye matundu. Anayeitaka akaichukue, ila avue viatu kwanza.