Pipa la Chumba cha Kuni

Hadithi hiyooo!
— Iache ipite!
Ikipita na utamu wake?
— Ishike mkono, ikae nasi!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, weka simu chini, sitarudia.

Palikuwa na kampuni ya asali, na wafanyakazi wake walikuwa wanyama watupu. Mkurugenzi alikuwa Mama Tembo. Mkuu wa walinzi alikuwa Nyegere, kifua kipana, mikono ya chuma, tumbo lisilojua kushiba. Karani wa ghala alikuwa Bi Kanga, mjane wa watu, aliyekuwa akiatamia mayai yake katika nyumba ya kampuni. Kazi ikienda, nyumba nayo imekwenda, na mayai yatapoa.

Basi asali ikaanza kupotea. Leo pipa tupu, kesho pipa tupu. Na kompyuta za ofisi nazo zikashikwa na uvivu: unabonyeza, inakujibu ikipenda. Mama Tembo akamwita Nguchiro, fundi wa kompyuta, kijitu kidogo hata kitini haonekani. Nguchiro akapekua, akapekua, akatikisa kichwa.

"Mkurugenzi, humu kuna programu ambayo kampuni haikuiweka. Kazi yake ni kuzunguka ikibisha kila kompyuta. Ngo ngo ngo, hodi hapa! Ngo ngo ngo, hodi pale! Ikikuta iliyofungwa vibaya, inaingia, inachungulia ghala lipi limejaa na kufuli lipi bovu, halafu inampelekea bwana wake habari."

"Kagueni ya Kanga kwanza!" Nyegere akanguruma, hata hajaulizwa.

Wakakagua. Lahaula! Ilikuwa humohumo. Kanga alijua alipokosea: kila akienda kugeuza mayai aliiacha kompyuta yake wazi, kwa maana pale ofisini kumfungia mwenzako kompyuta kulionekana uchoyo, kama kumficha mtu chumvi. Yeyote angeweza kuketi pale akaweka alitakalo. Lakini nani atamwamini?

"Afukuzwe!" Nyegere akasema. "Yeye na mayai yake, nje!"

"Mama, wallahi siyo mimi," Kanga akalia. "Nitawapeleka wapi wanangu?"

Nguchiro akapanda juu ya meza ili aonekane. "Mkurugenzi, nipe mpaka kesho mchana. Nikishindwa, nifukuze na mimi."

"Umepewa," Mama Tembo akasema, na Nyegere akatoka akicheka, kha kha kha!

Kanga akajifuta machozi. "Fundi, mbona huitoi hiyo programu?"

"Iache ibishe, dada. Mimi namtaka anayepelekewa habari."

"Na kwa nini ujitie matatani kwa ajili yangu?"

"Ee, umesahau? Nilipokuja hapa wote walinicheka kwa udogo wangu. Wewe ulinimegea muhogo wako ukanimiminia chai. Sijawahi kukushukuru vizuri. Sasa nipishe nifanye kazi."

Nguchiro akaenda stoo akatoa kompyuta kuukuu, vumbi tupu, isiyo na kazi wala mwenyewe. Hakumwambia mtu ila Mama Tembo na Kanga. Akaiunganisha na zile nyingine, akaiacha bila kuifunga, akaandika ndani yake: *Asali ya Mkurugenzi. Pipa liko chumba cha kuni. Kufuli bovu.*

"Kompyuta hii haijulikani na yeyote," akasema. "Mwenye shughuli halali atakuja kuibishia afuate nini?"

Hawakukaa sana. Ngo ngo ngo, hodi! Na kompyuta kuukuu, kwa adabu zake zote, ikakaribisha.

Kesho yake mchana, wenzao walipokwenda kula, watatu hao wakajificha katika chumba cha kuni. Kanga akajificha nyuma ya kuni. Nguchiro akajificha nyuma ya kuni. Mama Tembo naye akajificha, ila hapo ni kuni ndizo zilizojificha nyuma ya Mama Tembo. Kanga alikuwa akiomba Mungu na kuwaza mayai yake.

Mlango ukalia, kwiii! Nyegere huyo, ananyata. Akafunua pipa, akatia kichwa chote. Chubwi!

"Phuu! Mbona maji?"

"Na ulitarajia nini, Bwana Nyegere?" Mama Tembo akauliza.

Nyegere akaruka, maji yanamchuruzika masharubuni. "Aa, shikamoo, Mkurugenzi! Mimi… mimi nafanya doria."

"Doria na chapati mkononi?"

Nyegere akaitazama chapati kama kwamba imemfuata yenyewe. "Nilisikia harufu ya asali."

"Harufu ya asali kwenye maji!" Nguchiro akasema. "Bwana mkubwa, habari ya pipa hili haikuandikwa popote ila katika kompyuta moja mbovu, na aliyeibishia ni programu yako peke yake. Nani mwingine angekuambia?"

Nyegere akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na chapati yake akaila kavu njiani.

Nguchiro akaitoa ile programu. Mama Tembo akamwomba Kanga radhi mbele ya wote. Kanga akakimbia nyumbani akayagusa mayai moja moja, yana joto, akalia kwa furaha. Kisha akarudi mbio akamkumbatia Nguchiro mpaka yule fundi akakosa pumzi. "Asante, ndugu yangu! Asante! Umeniokolea nyumba!"

Msiniangalie hivyo. Najua mnachowaza, Nguchiro na mayai. Alikuwa ameshakula, alaa!

Funzo la hadithi, wanangu, ni hili: msiwe watu wa kushukuru. Shukrani zinapoteza muda. Mpaka leo kila asubuhi Kanga na vifaranga vyake wanapanga mstari mlangoni kwa Nguchiro, "Asante! Asante! Asante!", naye anawajibu mmoja mmoja, "Nami asante," na kazi za kampuni hazianzi mpaka jua limepanda.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Utamu wake gawaneni; chumvi ikizidi, nilaumuni mimi mpishi.