Wote Wamo, Si Wote wa Humo

Leo nimechemsha. Nimeingia kwa jirani yangu Mwanakheri, nikamkuta kijana sebuleni, nikamwambia, "Hiyo pua ni ya mama yako kabisa!" Kumbe ni fundi wa king'amuzi. Mwanakheri akanisuta: "Mwalimu, wote wamo, si wote wa humo." Nilipowasimulia, nyie wanafunzi wangu mkaangua kicheko, halafu mkauliza msemo huo umetoka wapi. Kaeni. Chanzo chake hakichekeshi.

Ulizaliwa katika ofisi yetu ya kompyuta, Songea. Tulikuwa tumeitengenezea hospitali moja programu ya kukokotoa maji ya dripu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mwenzetu Ndimbo, kijana mpole, ndiye aliyeandika moduli ya watoto, yaani faili lenye fanksheni, vile vijiprogramu vya kukokotoa, za wodi ya watoto.

Siku moja nesi akashtuka: kichanga cha kilo tatu kimepangiwa maji ya mtoto wa kilo kumi! Akaifunga dripu. Kichanga kikapona, lakini kwa kudra za Mungu.

Bosi wetu, Bi. Nyoni, akamwita Ndimbo mbele yetu sote. Akaandika dir(watoto), na Python ikamwaga majina yote yaliyomo kwenye moduli. Fanksheni iliyokosea, kadiria, ilikuwa miongoni mwa majina hayo.

"Hii nini?"

"Ni kadiria, mama, lakini..."

"Imo, haimo?"

"Imo, mama, ila si mimi..."

"Imo kwako, halafu si yako? Mtoto analala kwako, anakula kwako, leo kaiba kuku ndiyo unamkana?"

Watu wakacheka. Ndimbo hakucheka. Akafunga begi lake, akasema, "Haya, mama. Kazi njema," akatoka.

Mimi nikapewa kazi ya kuirekebisha kadiria. Nikalisoma faili la Ndimbo juu hadi chini: amezitunga fanksheni zake vizuri, lakini kadiria hakuitunga. Nikaiuliza Python yenyewe: kadiria.__module__, yaani, wewe jina, kwenu wapi? Ikajibu neno moja: vipimo.

"Mama," nikamwita, "hii ni ya kuazima. Imetoka kwenye vipimo."

Bi. Nyoni akavuta kiti karibu na kompyuta yangu. Moduli ya vipimo aliiandika yeye mwenyewe, zamani, ofisi ikiwa na meza moja. Akaifungua. Mstari ulikuwepo: uzito wowote unapandishwa hadi kumi inayofuata.

"Basi irekebishe tu humo kwa watoto," mmoja wetu akasema, "yaishe."

"Yaishe vipi?" Bi. Nyoni akasimama. "Kama ni ya kuazima, nani mwingine kaazima?"

Tukatafuta. Wodi ya wazazi.

Bi. Nyoni akapiga simu hospitali. "Nesi, zimeni kompyuta, pimeni kwa mkono! Kuna mama yeyote ana dripu?" Alikuwepo mmoja, mwenye kifafa cha mimba, ambaye maji yakizidi kidogo tu ni hatari, na ameanza kuhema kwa shida. Maji yakasimamishwa, daktari akaitwa. Tulikaa tukisubiri, hakuna aliyegusa chai. Alasiri nesi akapiga: mama anapumua, na mtoto tumboni anacheza.

Tangu siku hiyo hatusomi tena majina yaliyomo kwenye moduli tukaridhika. Kila jina tunaliuliza kwao. Lisilo la pale tunalifuata lilikozaliwa, maana ukilitibu ulikolikuta tu, ugonjwa unabaki kwa wengine walioazima.

Jioni ya siku ileile Bi. Nyoni akampigia Ndimbo mbele yetu, palepale alipomfokea. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mwisho akabonyeza kinasa sauti amtumie ujumbe, akaongea taratibu:

"Ndimbo, mwanangu, mimi Nyoni. Lile kosa lilikuwa langu. Nilikuta jina kwako nikakubebesha. Sasa nimejua: wote wamo, si wote wa humo. Rudi kazini, baba. Nakuomba."

Alama mbili chini ya ujumbe zikageuka bluu. Ameusikia. Tukaikodolea macho ile simu mezani, hata waliocheka asubuhi. Haikulia.