Kindi Aliyeshukuru Soko Kulala

Hapo zamani za kale, Kiboko alipokuwa bado anaishi nchi kavu na ghala lake la mahindi, wanyama wa Bonde la Msasa walishikwa na wazimu wa komwe.

Komwe mnazijua? Zile mbegu ngumu za kijivu za kuchezea bao. Hazipikwi, hazisagwi, ukizitafuna unang'oka jino. Lakini leo komwe moja ilikuwa pishi moja ya mahindi, kesho tatu, keshokutwa kumi! Hata Kanga, mama wa vifaranga tisa, akampelekea Kiboko mbegu zake zote za kupanda, akarudi na kikapu cha komwe.

Halafu soko likalala. Zii! Gulio la kwanza hakuna aliyeuliza bei. La pili, zii. Kufika la saba, Fisi dalali, yule wa makelele, alikaa mlangoni pa ghala la Kiboko anajikuna tu.

Mawingu ya mvua yakakusanyika. Kanga akakimbilia kwa Kiboko, tipu tipu tipu.

"Hodi, bwana mkubwa! Chukua komwe zako, nipe mbegu zangu. Mvua i mlangoni!"

Kiboko akapiga mwayo, aaaah! "Kwa bei gani? Bei imelala. Subiri iamke."

"Na wanangu wale nini?"

"Wacheze bao."

Mnacheka? Mimi niliposimuliwa neno hilo nilitaka kupiga mtu!

Kanga akamlilia jirani yake Kindi, ambaye ni mdogo kuliko ukwato wa Kiboko. Kindi akasema, "Dada, mbegu zako zitarudi, na sitasema uongo hata neno moja."

Asubuhi akabeba kikapu cha Kanga, akaketi mbele ya ghala, akakikumbatia, akafumba macho.

"Ahsante, kimya! Ahsante, soko kulala! Neema gani hii!"

Fisi akasimamisha masikio. "We Kindi, unashukuru nini? Wenzio wanalia!"

"Nashukuru napata usingizi, mjomba. Zamani kelele zako zilikuwa zinaniamsha alfajiri."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Fisi akatimua mbio ndani. "Bwana! Kindi anajua jambo! Eti 'ni hayo tu'! Nani husema 'ni hayo tu' kama hana siri?"

Kiboko akatoka, gidi! gidi! gidi! "Niuzie kikapu hicho."

"Usinunue, babu. Hazipikwi, hazisagwi."

"Ahaa! Hutaki nizipate!"

"Zitakukwama, babu. Ni za Kanga hizi, naye anataka mbegu zake tu, hata punje ya ziada hataki."

Fisi akanong'ona, "Kamata, bwana, kabla soko halijaamka!"

Ghala likafunguliwa, kwaa! Kindi akapima mbegu za Kanga, zilezile kiasi kilekile, akaenda zake.

Kesho yake mvua, chwaaa! Kanga akapanda. Soko likaendelea kukoroma.

Kiboko akaja amefura. "Umenidanganya!"

"Nitajie uongo wangu, babu."

Kiboko akatafuta. Akakumbuka neno moja moja, akatafuta tena. Hakuna! Aibu ikamshika, akakimbilia mtoni, chubwi! Mpaka leo hutoa macho na masikio tu juu ya maji, anasikiliza kama soko limeamka.

Kanga alipovuna, hindi la kwanza alimpelekea Kindi. "Ahsante, ndugu yangu. Wanangu wameshiba kwa ajili yako."

La pili akalitupa mtoni. "Nawe chukua, bwana mkubwa! Mbegu zangu zililala ghalani mwako, na hazikuliwa na panya."

Kiboko akaibuka, akalitazama lile hindi kwa mashaka. "Bei gani?"

"Sitaki kitu. Nasema ahsante."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu!"

Akalila. Lilikuwa tamu.

Basi, wanangu, mwenye tamaa haamini ukweli hata ukiimbwa mlangoni pake.