Aliyemchelewesha Wabiwa

Hapo zamani, Ziwa Tanganyika lilipokuwa likivukwa kwa tanga na kafi tu, aliishi karibu na Ujiji mwanamke aitwaye Wabiwa. Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na nitamtaka kila mtu jibu lake.

Wabiwa hakuzaliwa huko. Kwao kulikuwa ng'ambo, upande wa machweo. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na dada yake, Mwavita. Mwavita ndiye aliyemtafunia viazi alipokuwa hana meno. Ndiye aliyemsuka, ndiye aliyemkanya. Wabiwa alipokuwa mwari alipendana na baharia wa Ujiji, Songoro, kijana aliyeendesha vyombo vya watu. Mwavita hakumtaka. Aliuliza: mwanamume asiye na nyumba, asiye na shamba, hata chombo hana, atamweka mkewe wapi? Juu ya maji?

Basi asubuhi moja, Mwavita akiwa shambani kwenye mihogo, Wabiwa alifunga nguo zake, akashuka ufukweni, akapanda chombo. Tanga lilipokwisha kutwekwa, Mwavita akatokea mbio, mikono imejaa udongo. Akamwita kwa jina. Akamwita tena.

Wabiwa alisikia. Hakugeuza shingo.

Songoro alidhani upepo umeila sauti ile, na Wabiwa akamwacha adhani hivyo. Walioana, wakajenga, wakapata binti mmoja, Sikitu, wakamlea hadi akaolewa na kuja kukaa nao yeye na mumewe. Miaka yote hiyo wachuuzi wa chumvi walivuka ziwa na kurudi, wakileta salamu na kupeleka salamu. Wabiwa alipeleka salamu. Mwenyewe hakwenda.

Songoro alipoanza kuota mvi, tajiri wake alifariki, na miongoni mwa mali aliyoacha kulikuwa na mashua kuukuu iliyolala mchangani, mataruma yake nje kama mbavu, kuku wakitagia ndani. Warithi hawakuitaka. Walimwambia Songoro aichukue, kwani alikuwa ameipenda kuliko marehemu. Alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

"Mama Sikitu," akasema, "nyumba hii tuwaachie watoto. Sisi tutahamia chomboni. Tutapika humo, tutalala humo. Msimu wa dagaa tuko huku, msimu wa mihogo tuko kwenu. Dada yako aliuliza nitakuweka wapi. Nilikuchukua kwa chombo cha mtu; nitakurudisha kwa chombo changu."

Wabiwa akasema, "Ewaa, Baba Sikitu." Moyo wake ulifurahi. Alitamani kumwona Mwavita. Aliogopa macho ya Mwavita.

Wakamwita fundi. Fundi huyo alikuwa Feruzi, rafiki wa Songoro tangu ujana, mjane, mtu wa maneno machache na mikono isiyokosea. Feruzi aliigonga mashua kwa nyundo toka omo mbele hadi tezi nyuma, akiinamisha sikio kwenye kila ubao, akasema inawezekana. Kazi ikaanza. Alibadilisha mataruma yaliyooza, akaweka mapya ya mvule. Akasindilia pamba iliyolowa mawese katikati ya mbao, maji yasipate pa kupenya. Songoro alijenga kibanda nyuma ya mlingoti, cha mikeka na fito, chenye kitanda cha watu wawili na rafu yenye ukingo ili sahani zisiteleze mawimbi yakija. Wabiwa alilishona tanga, kiraka juu ya kiraka, na yeye ndiye aliyechagua mahali pa jiko: ndani ya kasha la mchanga, upande wa kushoto, moshi usiingie kitandani. Saa za kula wote watatu walikaa chini ya ubavu wa mashua, wakala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na Feruzi, ambaye kwake hakuna aliyewasha moto tangu afiwe, alikuwa wa mwisho kunawa.

Watu wakipita waliuliza: chombo kinashuliwa majini lini?

Songoro alijibu: bado kidogo. Rafu aliiona imepinda. Akaing'oa, akaianza upya.

Watu wakauliza tena: chombo kinashuliwa lini?

Feruzi alijibu: bado kidogo. Kuna ubao hapa haunipendezi. Akaung'oa, akaenda msituni kutafuta mwingine.

Wakauliza tena, na safari hii Songoro alikuwa hapendi mlango wa kibanda. Alisema mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi hainami kutoka mlangoni kama mwizi. Mlango ukarefushwa, paa likainuliwa, na paa lilipoinuliwa mlingoti ukaonekana mfupi. Kiangazi kikapita, masika yakapita, wao wako palepale.

Siku moja Sikitu alimwambia mama yake jambo la busara. Alisema wachuuzi wa chumvi wanaondoka kesho, ni watu wazuri, mama apande nao akamwone mama mkubwa, arudi wakati wanaume wakiendelea kugongagonga. Songoro alisikia, akaweka randa chini.

"Mke wangu havuki kwa chombo cha mtu mwingine," akasema. "Si baada ya yote haya."

Sikitu akamtazama mama yake, akingoja aseme neno. Wabiwa aliinamia tanga lake, akatunga uzi kwenye sindano. Alipokwenda kuteka maji jioni ile alijikuta anaimba, na alipojisikia akiimba aliona haya, kwa sababu alijua ni kwa nini.

Mwaka ule Sikitu alipata mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole mpaka alipojifungua salama, mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele. Mtoto alipoanza kukaa, mbao zikawa zimekwisha, viraka vimekwisha, hata Songoro hakuona tena cha kung'oa. Waliishua mashua kwa magogo na nyimbo. Ilikaa juu ya maji wima, haikuvuja tone.

Walipanda wote: Songoro na Wabiwa kwa kuhama, Feruzi kwa kuichunga mashua katika safari yake ya kwanza, Sikitu na mwanawe ili mama mkubwa amwone mjukuu. Mume wa Sikitu alibaki kulinda nyumba. Walikwenda na upepo mwema. Wabiwa alipika ndani ya kasha la mchanga, na moshi ukaenda alikosema utakwenda. Sahani hazikuteleza. Walilala wametia nanga kwenye ghuba tulivu, na Wabiwa, akiwa amelala akisikia maji yakigonga mbao karibu na sikio lake, aliwaza kwamba maisha haya yalikuwa matamu kama walivyoyasema. Akapanga maneno ya kumwambia dada yake. Ataanza na lile la ufukweni. Atasema: nilisikia ukiniita.

Walipofika, mtu mzima mmoja alishuka kuwapokea na kuwashikia kamba. Alikuwa Asukulu, mwana wa Mwavita, aliyekuwa hajazaliwa Wabiwa alipoondoka. Alimtazama Wabiwa usoni kwa muda, kwa kuwa alifanana mno na mama yake.

"Karibu, mama mdogo," akasema. "Tumemzika masika haya."

Wabiwa hakulia papo hapo. Aliuliza ni wapi, wakampeleka. Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la mihogo, udongo wake mkavu, umepasuka. Makaburi ya pembeni yalikuwa yamemwagiwa maji na kupandwa maua. Hili lilikuwa limeachwa hivyo hivyo.

Wabiwa akauliza kwa nini.

Asukulu akaeleza. Mama yake aliugua kwa muda mrefu, na kila tanga lilipoonekana aliomba ainuliwe alitazame. Alipoona hatapona, aliwausia watu wa nyumbani. "Alisema hivi: 'Mdogo wangu alikuwa anakuja, najua. Kuna mtu aliyemchelewesha. Kaburi langu msilimwagie maji. Aje alimwagie huyo, peke yake, asisaidiwe. Akishamwaga, yamekwisha kati yangu na yeye, na mtu yeyote asimwulize tena.'" Asukulu akaweka kibuyu cha maji kichwani pa kaburi, akarudi nyuma. "Basi mimi simjui. Ninyi mnamjua."

Songoro akasogea wa kwanza. Alisema maji ni yake. Chombo kilikuwa kinaweza kuvuka kiangazi cha kwanza, hakuna aliyehitaji rafu isiyopinda. Na hata kama chombo hakikuwa tayari, wachuuzi walikuwepo, na yeye ndiye aliyekataa. "Nilitaka anione nimekuja na changu," akasema. "Maneno yake ya zamani yalikuwa yananiuma. Nimemfungia mke wangu ufukweni ili nimjibu mwanamke mgonjwa. Nipeni kibuyu."

Feruzi akamshika mkono, akamzuia. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, na alisema akitazama chini.

"Zile mbao, rafiki yangu. Ulipotaka kushua, mara zote nilikwambia kuna ubao mbovu. Hazikuwa mbovu. Nilikuwa ninang'oa mbao nzima." Akaendelea. "Nilijua chombo kikishuliwa mtaondoka, na mimi nitarudi kula peke yangu gizani. Shemeji alikuwa akiniwekea kichwa cha samaki. Basi. Ni hilo tu."

Songoro alimtazama kama anayemwona leo. Feruzi akasema hata hivyo kuna jambo moja lazima aliseme, ingawa si la kujitetea. Ubao wa mwisho, alioung'oa kwa uongo kama zile nyingine, ulikuwa umeliwa na wadudu upande wa ndani, mahali ambapo nyundo haikusikia wala jicho halikufika. Wangeshua kabla yake wangezama katikati ya ziwa. "Sikujua. Nilikuwa ninadanganya tu, nikaukuta."

Hapo Sikitu, mtoto mgongoni, akaanza kulia, akasema wote wawili wakae kimya, kwa kuwa hawajui lolote. Alisema mwanzoni mwa masika haya haya, mama yake akiwa kwenye mashua, mchuuzi wa chumvi alifika nyumbani na ujumbe kutoka kwa Mwavita: ninaumwa, mwambieni mdogo wangu aje kwa chombo chochote, hata cha kuazima, sina kinyongo naye, sikuwa nacho hata siku ile ya ufukweni.

"Mimba ilikuwa mwezi wa kuzaa," Sikitu akasema. "Ile ya kwanza niliipoteza mikononi mwako, mama. Niliogopa. Nilijua nikikwambia utaondoka siku ileile. Nikamjibu mchuuzi, wanakuja, bado kidogo. Nilipojifungua nilitaka kukwambia, nikaona haya, na kila siku nilipozidi kunyamaza, haya ilizidi. Maji ni yangu. Hawa walichelewesha chombo. Mimi nilichelewesha neno, na neno lingevuka hata kwa mtumbwi."

Wabiwa alimpokea mtoto kutoka mgongoni mwa Sikitu, akampakata, akakaa chini kwenye udongo mkavu. Kisha akasema:

"Sikitu, uliponiambia nivuke na wachuuzi, ulinitazama ukingoja nijibu. Baba yako ni mkaidi, lakini hajapata kunishinda nilipotaka kitu kweli. Ningesema neno moja tu, angekubali. Sikulisema. Kila Feruzi alipong'oa ubao, mimi moyoni nilishukuru." Akawaeleza siku ile aliyoondoka: mikono yenye udongo, jina lililoitwa mara ya kwanza na ya pili, shingo ambayo haikugeuka. Songoro, aliyekuwa chomboni siku ile, aliinamisha kichwa. "Ninyi mmenichelewesha mwaka, miaka. Mimi nilikuwa ninajichelewesha tangu nikiwa msichana. Alikuwa akinisubiri mtu ambaye hakuwa na hasira nami, na mimi nilikuwa nikimkimbia mtu ambaye hakuwepo. Kibuyu ni changu."

Songoro akasema hapana, marehemu alisema *aliyemchelewesha* mdogo wake. Mtu hawezi kuwa mwizi na mwenye mali kwa pamoja. Sikitu akasema asiyepewa habari hana lawama. Feruzi akasema yeye hana udugu na yeyote pale, na asiye ndugu ndiye anayehitaji zaidi kusamehewa, kwani wenzake watasameheana nyumbani. Wabiwa akasema yeye hana mwingine tena wa kumwomba msamaha isipokuwa udongo ule.

Wakamgeukia Asukulu, wakamwomba awagawie maji, kila mmoja kidogo. Asukulu akatikisa kichwa. Alisema mama yake alitaja mtu mmoja, na yeye hatavunja neno la aliyelala.

Wakabaki wamesimama, wanne na kibuyu kimoja. Chini ufukweni mashua ilikuwa imetulia kwenye nanga, imekamilika, haina dosari.

Nami nawarudishia ninyi, maana aliyenisimulia aliishia hapo na mimi sikuthubutu kuongeza. Kuna aliyezuia kwa kiburi. Kuna aliyedanganya kwa upweke, na uongo wake ukawaokoa wasizame. Kuna aliyeficha neno kwa hofu ya uzazi. Kuna aliyenyamaza kwa kuogopa macho ya dada yake. Maji ni ya mmoja, na atakayeyamwaga ndiye mkosa, na ndiye atakayesamehewa.

Je, nani alistahili kukiinua kile kibuyu?