Mkunga wa Ghorofa ya Tatu

Anayemdharau mkunga ni yule anayedhani hatamhitaji tena. Lakini nyumba haiishiwi uzazi, wala kazi haiishiwi matatizo, na mdomo uliotukana jana ndio huohuo utakaoomba msaada kesho. Yavor wa mjini Plovdiv alilisikia neno hili tangu utotoni. Kulielewa, alilielewa Januari moja yenye theluji.

Yavor alikuwa fundi wa programu katika ofisi ndogo iliyokuwa ghorofa ya tatu. Programu yao iliendesha vitalu nyumba vya wakulima: kuwasha vipasha joto, kufungua madirisha, kumwagilia miche. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mfuma vikapu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Pale ofisini kila lalamiko la mkulima liliwekwa kwenye ubao wa kazi ndani ya kompyuta, likapewa namba. Aliyebadilisha maandishi ya programu alitakiwa aitaje namba hiyo, ili kazi na badiliko lake vifungwe pamoja. Ukiigusa kazi, unaliona badiliko. Aliyeilinda desturi hiyo ni Zornitsa, jirani yake wa meza, mwanamke asiyechoka kukumbusha.

"Yavor, badiliko lako la jana ni la kazi ipi?"

"La kazi ya kunipa mshahara."

"Namba, kaka."

"Haya, mkunga kaja kufunga vitovu!" Yavor aliwageukia wenzake. "Mtoto keshazaliwa, ananyonya, yeye bado anauliza baba ni nani!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Zornitsa naye akacheka, maana kinyongo hakikuwa na kiti moyoni mwake.

"Cheka tu. Mkeo tumbo liko puani, halafu wewe unawachokoza wakunga."

Asubuhi moja Bilyana, mkewe, alipiga simu: uchungu umemshika, mama yake anampeleka hospitali. Yavor alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti simu ya ofisi ilipolia. Alikuwa mzee Radoy, mkulima wa pilipili hoho karibu na Parvomay.

"Wanangu, mnaniua! Kila programu yenu ikiwasha vipasha joto, umeme unajizima. Nawasha kimoja kimoja kwa mkono, lakini vitalu ni vingi na mimi ni mmoja. Mkichelewa, nitauza barafu sokoni!"

Yavor aliuchomoa mkono kwenye koti. Jana alikuwa ameisafisha programu, akafuta hapa, akaunganisha pale, na kila badiliko akaliandikia neno moja tu: "usafi." Sasa ni usafi upi uliomponza mzee? Kuurudisha wote nyuma kungevunja umwagiliaji wa wakulima wengine. Kuupekua mstari kwa mstari kungemlia siku nzima. Na Bilyana alikuwa amemwambia waziwazi, "Usiponishika mkono siku hiyo, usinishike tena."

"Nenda, nitatafuta mimi," Zornitsa alisema.

"Utatafuta nini, dada? Hata mimi sijui nilifuta nini!"

Zornitsa aliigeukia kompyuta yake. Alitafuta kwenye ubao wa kazi: umeme kujizima. Ikajitokeza kazi ya zamani, mkulima mwingine, kilio kilekile. Chini yake lilining'inia badiliko la Lyuben, mwenzao aliyekwisha kuhamia Varna. Zornitsa ndiye aliyemsumbua siku ile mpaka akaitaja namba. Alipoligusa, ikafunguka mistari michache iliyoviamuru vipasha joto visubiriane, kiwake kimoja ndipo kingine, visije vikaulemea umeme kwa pamoja.

Yavor alishika kichwa. "Ile mistari ya kusubiri! Nilidhani ni uvivu wa Lyuben. Nimeifuta mimi."

"Basi irudishe."

Aliirudisha, wakaijaribu, ikakubali. Alipotaka kuituma, vidole vikasita.

"Namba ngapi ile?"

"Yavor, mkeo!"

"Namba, dada!"

Zornitsa akamtajia, naye akaiandika. Alikuwa ngazini, anaruka mbilimbili, sauti ya Zornitsa ilipomfuata kutoka juu: "Mzee anasema vinawaka kwa zamu, kama wazee mlangoni mwa kanisa!"

Alifika kwa wakati. Bilyana aliubana mkono wake hadi ukafa ganzi, na kabla ya jua kuzama walikuwa na binti.

Mwezi huohuo ilifika Siku ya Wakunga, ambapo wanawake wa kwao humnawisha mkunga mikono na kumpa sabuni na taulo. Yavor aliingia ofisini na birika, beseni, taulo jipya na banitsa, pai ya jibini ya moto aliyooka mama mkwe wake.

"Mwanamume hamnawishi mkunga!" wenzake walipiga kelele.

"Leo atamnawisha. Lete mikono, dada."

Zornitsa alinyoosha mikono, akicheka hadi machozi, maji ya uvuguvugu yakitiririka vidoleni.

"Na badiliko lako la asubuhi?" aliuliza.

"Namba nimeshaandika," Yavor alijibu, akimpa taulo.

Ama kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.