Chumvi ya Mize

Ulimi uliochoka huazima wa jirani. Mmeusikia msemo huu jana harusini mkacheka, mkadhani ni maneno ya walafi wanaotaka kuonjeshwa vya watu. Sivyo, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa jikoni, huko Mikindani, mikononi mwa mwanamke aliyeitwa Mize binti Hamadi, na mambo yalianza hivi.

Mize alikuwa mpishi wa shughuli. Mikindani ya wakati ule huozi, huhitimishi, wala husomi maulidi bila kumwita. Kazi aliirithi kwa mama yake, ambaye alifariki mwaka mmoja kabla ya kisa hiki akamwachia masufuria, mwiko mrefu wa mninga, na sifa kubwa kuliko masufuria yote. Alimwachia pia kauli ambayo wapishi wote wa mji waliishika kama dini: fundi haulizi chumvi. Mpishi anayemwita mwenzake aonje amekwisha kutangaza kwamba hajui, na jina lake litazungushwa mji mzima kabla wali haujaiva.

Mwanzoni Mize hakuona taabu. Alipika, watu wakala, wakajilamba vidole. Kisha, hata mwenyewe hakujua ni lini hasa, kitu kikaanza kumwandama. Shughuli ikikaribia, usingizi unamhama. Moyo unamwenda mbio kama aliyeiba kuku, na kumbe ameketi kibarazani kwake anachambua mchele. Akifunga mlango anarudi kuutazama kama kweli ameufunga. Akifika sokoni amesahau alichokifuata. Alijiuliza kama ni jicho la watu. Alijiuliza kama ni mama yake amemkasirikia huko aliko. Akajifukiza ubani, akasoma dua, akatulia kidogo, halafu kikarudi vilevile. Mwisho akajiuliza kama hana maradhi yoyote, ila ni mvivu tu anayetafuta sababu. Hilo lilimuuma kuliko yote, na kwa kuwa lilimuuma, akaliamini.

Hakumwambia mtu. Mpishi mwenye kutetemeka nani atampa sufuria? Akajikaza kisabuni, na nyinyi mnajua sabuni ikikazwa sana huishia wapi.

Basi ikaja harusi ya Hidaya, binti wa marehemu dada yake, mtoto aliyemlea mwenyewe. Bwana harusi alikuwa wa Lindi, na watu wa Lindi walikuja na midomo yao. Karamu ile ndiyo ingekuwa salamu ya kwanza kwa wakwe. Wakila vibaya, Hidaya angeingia kwa mumewe na jina la chakula kibovu, na masimango ya wakwe hayazeeki.

Siku yenyewe ua ulijaa wanawake wanakuna nazi na kuimba. Mafigani palikuwa na wali, na pembeni sufuria kubwa kupita zote, ya mchuzi wa mbuzi. Mize alitia chumvi kwenye mchuzi, akakoroga. Punde si punde hakukumbuka kama ametia. Akachota kwa upawa, akaonja. Chumvi hakuisikia. Akatia kidogo, akaonja tena; mara kama anaisikia, mara kama haisikii. Kila alipoonja ulimi ulizidi kufa ganzi, na ulivyozidi kufa ganzi ndivyo alivyozidi kuogopa, na hofu ikamrudisha kwenye upawa. Wanawake waliomwona walisemezana kwa fahari kwamba Mize ni mwangalifu kweli, kama marehemu mama yake.

Akachota chumvi kiganjani. Mkono ukasimama juu ya sufuria. Hakujua kama mchuzi una chumvi au hauna. Hakujua ameshatia mara ngapi, hakujua hata kama machozi yale ni ya moshi au ni yake. Akikifungua kile kiganja, huenda anamharibia Hidaya; asipokifungua, huenda anamharibia vilevile.

Aliyekuwa karibu ni Siwema, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na rafiki yake tangu utoto, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia na kifuu cha nazi mkononi. Mize akamwinamia.

“Shoga,” akasema kwa sauti ndogo, “sijui kama hii ina chumvi.”

Siwema hakutazama sufuria, alimtazama usoni. “Hujui vipi?”

“Sijui. Naonja, sisikii kitu. Nionjee.”

Siwema akaweka kifuu chini, akachukua upawa, akaonja. Hakukunja uso, maana wenzao walikuwa wameanza kutazama.

“Rudisha hiyo chumvi chomboni,” akasema taratibu. “Imeshazidi. Bado mchuzi unaokoleka, lakini ungetia na hiyo ya mkononi tungelia na Hidaya.”

“Mbona mimi siisikii?”

“Umeonja tangu asubuhi. Ulimi wako umechoka, Mize. Wangu haujagusa kitu. Azima huu.”

Wakagawa mchuzi kwenye sufuria mbili, wakaongeza viazi na tui jepesi lisilotiwa chumvi. Mize akakoroga, Siwema akaonja. Minong'ono haikukosekana, kuna aliyesema waziwazi kwamba marehemu mama yake asingeuliza. Mize alisikia, na likamchoma. Lakini watu wa Lindi walikula wakaomba kuongezwa, na kwa vile mchuzi ulikuwa umezidishwa, walipata hata wa kubeba.

Wakati wa kuosha vyombo Siwema akamuuliza ameanza lini kuwa hivi. Mize akamweleza yote, usingizi, moyo, mlango, mpaka ule uvivu aliokuwa akijishuku nao. Siwema alisikiliza hadi mwisho, na hakujifanya ameelewa.

“Chumvi naijua,” akasema. “Hili silijui. Lakini hulibebi peke yako tena.”

Mize akapunguza shughuli. Jioni wakawa wanatembea pamoja wakipiga soga, na siku nyingine akirudi analala vizuri. Siku nyingine halali kabisa. Hofu ilipoanza kumfuata hata wiki zisizo na shughuli, na chakula kikamshinda, Siwema akaona maji yamezidi unga. Akamshika mkono wakaenda dispensari, kwa tabibu mmoja mwanamke, mtu mzima.

Tabibu akamuuliza anaumwa nini. Mize akafumbua mdomo, asijue aanzie wapi. Si kichwa, si tumbo. Kidogo aseme hajambo, ainuke aende zake.

“Sina pa kuonyesha, mama,” akasema hatimaye. “Kila siku nauonja moyo wangu, na sijui tena kama umezidi au umepungua. Ulimi wangu umechoka. Nimekuja kuazima wako.”

Tabibu akaweka kalamu chini. Alimwambia kwamba huzuni na wasiwasi vikikaa sana mwilini huwa maradhi kama maradhi mengine, na vina matibabu yake, na kwamba anayeumwa hivyo si mvivu. Kwa neno hilo la mwisho Mize alilia pale pale kitini, na tabibu hakumkatiza.

Hakupona siku ile. Alirudi kwa tabibu mara nyingi, na zipo siku moyo ulimwenda mbio bado. Ila tangu hapo, kila alipopika, alimnyooshea jirani upawa mbele ya watu wote bila kuona haya, na wapishi wengine wakaiga, kwanza kwa kujificha, baadaye waziwazi.

Kwa hiyo siku moyo wako utakapokukimbiza na nyuma yako hakuna mtu, ukajiuliza hata usijue umezidi au umepungua, usiongeze chumvi. Mwite mtu. Naye akishindwa, mwende nyote kwa anayejua. Ulimi uliochoka huazima wa jirani.