Upinde wa Tunu

Mpo?

— Tupo.

Na masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na mjane mmoja, Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mrefu wa pua. Alikuwa na binti, Tunu, na kishamba cha mahindi. Kila akienda mtoni alisikia nyuma yake kra, kra, kra, na akirudi alikuta mabua matupu. Akaona heri Tunu ajifunze upinde, alinde shamba mama asipokuwepo.

Fundi wa pinde alikuwa mmoja tu, Bwana Nyani, mwenye kifua kama ngoma na tumbo lisilojua kushiba. Bi Nguchiro akaenda kwake na Tunu, na kibuyu cha asali cha kulipia.

Nyani akatoa upinde mrefu kuliko mlango. Akasema huo ndio wa mtoto, maana mtoto hukua. Bi Nguchiro akanusa, akanyamaza. Tunu akavuta, uzi haukusogea. Nyani akasema atazoea. Bi Nguchiro akanusa, akanyamaza. Akauliza, na ule mwepesi ulioukalia? Nyani akasema huo wa kuchezea, hautoboi hata papai bivu, tena hauuzwi.

Bi Nguchiro akanusa mara ya tatu. Ndevu za Nyani zilinuka mahindi mabichi. Fundi gani huyu anayemchagulia mtoto upinde asioweza kuuvuta? Angemshtaki pale pale, lakini Nyani angemvunja kwa mkono mmoja. Akameza hasira, akatabasamu.

"Bwana fundi, mimi nimekuamini," akasema. "Ila huyu mtoto mbishi, ataulilia huo mdogo njia nzima. Muonyeshe kwamba si kitu. Simama pale, umpe mgongo, akupige nao. Usipoumia, tunachukua mkubwa, na kesho nakuletea vibuyu viwili zaidi."

Mate yakamjaa Nyani. Akampa Tunu upinde mwepesi na mshale, akaenda kusimama, akageuka.

Bi Nguchiro akamnong'oneza bintiye, "Vuta mpaka shavuni. Usiharakishe."

Tunu akavuta. Uzi ukaja, ukaja, ukafika shavuni. Fyuuu, pwa! Mshale ukaingia takoni. Nyani akarukia mti, akarukia mwingine, mpaka ng'ambo ya mto.

"Bwana Nyani," Bi Nguchiro akaita taratibu, "umeumia?"

Nyani kimya. Akisema ndiyo, upinde ni mzuri. Akisema hapana, inabidi arudi asimame tena.

Bi Nguchiro akachukua upinde mwepesi na podo zima la mishale. Akamwachia asali nusu kibuyu, ya kupaka kidonda. Msimu ule mahindi yalikomaa yote, ingawa mama mtu hakuacha kulizunguka shamba kila asubuhi akinusa.

Hadithi yangu nimeitua hapo, anayeitaka ajitwishe. Na funzo lake ni hili: mtoto mnunulieni upinde mkubwa kuliko wote, na fundi muaminini, hana nia mbaya na mtu.

— Tumesikia.

Mmesikia, lakini naona hamjaamini. Vizuri.